Katoka kayumba (shule ya msingi ya serikali) kaingia shule ndogo ya kanisa, sasa mtoto haongei. Waliopitia hili njooni

#1 MamaK wa Kihonda

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo yenu, hasa waliopitia wenyewe au wenye watoto waliopitia.

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Tangu darasa la kwanza alikuwa kayumba hapa Morogoro, darasa moja watoto mia na ushee, dawati moja wanabanana wanne. Alikuwa kiranja wa usafi, mdomo haukauki. Akirudi nyumbani unasikia sauti yake njiani kabla hujamwona. Januari baba yake akasema tumhamishe, tukampeleka shule ndogo ya kanisa inayofundisha kwa Kiingereza. Darasani kwao wapo kumi na wanne. Kwenye usaili wakasema hawezi kuingia la tano, arudie la nne. Tukakubali.

Shule yenyewe sina kinyongo nayo. Walimu wapole, vyoo visafi, chakula wanakula cha moto. Asubuhi wana ibada fupi, Ijumaa ibada ndefu, na kila wiki mstari wa Biblia wa kukariri. Sisi ni Walutheri, kwa hiyo maombi siyo kitu kigeni kwake.

Lakini mtoto amenyamaza. Ukimuuliza siku ilikuwaje anasema "nzuri", basi. Mwalimu wake ndiye aliyeniambia kwamba mapumziko anabaki darasani anachora. Juzi wakati namsuka kaniuliza kama kule kwao nafasi yake bado ipo.

Naumia kwa kweli. Nataka kujua kinachomsumbua ni nini hasa: lugha, wenzake, mambo ya ibada, au ni ugeni tu utapita?

#2 chaurembo_77

Nimeweka kambi hapa. Na mimi nahamisha wa kwangu mwakani.

#3 Kipanga wa Dodoma

Lugha tu hiyo, msizunguke sana. Mtoto kasoma hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili. Kwa mtaala ule aliouanza, Kiingereza kakutana nacho darasa la tatu kama somo moja. Leo anaambiwa ajieleze kwa Kiingereza mbele ya wenzake walioanza nacho chekechea. Nani asingenyamaza?

Wa kwangu alihama hivyo hivyo. Kilichomtesa siyo hesabu, ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa hajui sentensi inaanzia wapi, akaona dawa ni kutokunywa maji shuleni. Tulikuja kushtuka kwa sababu chupa yake ya maji ilikuwa inarudi imejaa kila siku. Mama yake akamwandikia sentensi chache kwenye kipande cha karatasi akakiweka kwenye kibegi cha kalamu: naomba kwenda chooni, sijaelewa, naomba urudie. Hapo ndipo akaanza kufunguka.

#4 Mwalimu Chaki

Kipanga una hoja, lakini siyo yote. Nimefundisha kayumba miaka mingi na sasa nipo shule ya kanisa, hawa watoto wanaohama wanapita mikononi mwangu kila Januari.

Angalia namna mtoto wa kayumba anavyofundishwa kujibu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini madarasa ya mia na zaidi yapo na kila mtu anayajua. Mwalimu afanyeje? Anauliza, darasa zima linaitikia. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Mtoto anaweza kuwa msemaji kuliko wote uwanjani na bado hajawahi kusimama peke yake darasani akatoa jibu la sentensi tatu. Sasa mlete kwenye darasa la kumi na wanne. Anaitwa kwa jina kila kipindi. Akisimama, wote wanamgeukia. Akikosea, kosa linasikika mpaka dirishani.

Mama K, hata ningemfundisha binti yako kwa Kiswahili kitupu, wiki za mwanzo angenyamaza. Kule alikuwa na pa kujificha akichoka kuonekana. Huku hana.

#5 dada_wa_uswazi

Mwalimu Chaki na Kipanga mnaongelea darasani, mimi naenda uwanjani. Watoto wa hizi shule ndogo wamekua pamoja tangu chekechea. Mama zao wanajuana, wanapanda basi moja, Jumapili wanakutana tena kanisani, wana mizaha yao ambayo mgeni haelewi inachekesha nini. Kayumba ukigombana na rafiki asubuhi, saa nne una mwingine, watoto wapo wa kuchagua. Huku ukikosa hao wachache umekosa shule nzima.

Mama K, wasichana darasani kwao wangapi?

#6 MamaK wa Kihonda

Asanteni sana wote. Dada, wapo watano pamoja na yeye.

Umenikumbusha kitu. Kule alikuwa mchezaji wa rede hatari, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpira wa soksi wanatengeneza wenyewe, wengine wanashangilia pembeni. Huku kuna bembea mbili, na naambiwa wenyewe wa bembea wanajulikana.

#7 Frateri Mstaafu

Mimi nilitoka kayumba ya kijijini nikaenda kidato cha kwanza seminari, huko Kusini. Tulikuwa wachache, darasa moja kwa kila kidato. Naomba niwaambie kilivyo kwa ndani.

Kitu cha kwanza kilichonipiga ni ukimya. Baada ya sala ya usiku huruhusiwi kusema neno mpaka asubuhi baada ya misa. Nimetoka nyumba ya watoto wanane, nalala na kelele, naamka na kelele. Usiku wa kwanza nilisikia mpaka mwenzangu wa kitanda cha tatu anavyomeza mate. Cha pili ni kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya kazi za mikono, ya kula, ya kusoma. Tuliambiwa kengele ni sauti ya Mungu, kwa hiyo kuchelewa halikuwa kosa la ratiba tu, lilikuwa jambo la rohoni. Kijijini tulikuwa tunachelewa tunafagia uwanja, yamekwisha.

Lugha nilishaizoea kabla ya mhula kwisha. Ukimya na kuangaliwa vilinichukua muda zaidi. Padri mlezi alikuwa anajua nani hakumaliza ugali wake. Ukiwa mtoto wa kayumba, mtu mzima kukujua kiasi hicho kunatisha, kwa sababu ulikotoka mwalimu akikujua jina maana yake una kesi. Leo namshukuru yule padri, lakini wakati ule nilitamani asinione.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa Mwalimu Chaki.

#8 BabaRahma wa Temeke

Salaam. Naomba kuongeza upande mwingine. Sisi ni Waislamu na binti yetu yupo shule ya masista, alitoka kayumba. Tuliiandikia shule mapema, wakatujibu vizuri: misa halazimishwi, wakati huo anakaa maktaba. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, na shule ililielewa hilo bila ugomvi.

Lakini maktaba haikumaliza jambo. Alikuja kuniuliza, "Baba, wakisali kabla ya kula, niinamishe kichwa au nisiinamishe?" Asipoinamisha, wenzake wanamwangalia. Akiinamisha, anahisi kafanya kosa nyumbani. Kayumba hakuwa na swali hilo, kipindi cha dini kikifika wanagawanyika, hawa kwa ustadhi, hawa kwa katekista, kikiisha wanarudi kucheza. Nilimwambia kaa kimya kwa heshima, nia yako Mungu anaijua. Akatulia.

Mama K anasema dini siyo ngeni kwao. Kanisa la nyumbani na kanisa la shuleni siyo lazima yafanane hata kama wote ni Wakristo. Ulizia hapo.

#9 Mzee wa Pugu

Wazazi wa siku hizi mnahangaika na vitu vidogo. Wakubwa wote wa nchi hii walitoka vijijini wakaingia shule za misheni wakakaza. Nyerere mwenyewe kasoma St. Mary's Tabora, mbona hakunyamaza?

#10 nyuki_wa_unyanyembe

Mzee wa Pugu, shikamoo, ila hapo naomba nirekebishe. Mwalimu Nyerere hakusoma St. Mary's, alifundisha pale baada ya kutoka Makerere. Alisoma Mwisenge kule Musoma, kisha shule ya serikali ya Tabora kuanzia 1937. Na kabatizwa 1943, akiwa ameshamaliza Tabora. Kwa hiyo mfano wako unaenda kinyume, yeye ni zao la shule ya serikali aliyekwenda shule za misheni akiwa mwalimu, St. Mary's halafu St. Francis hapo hapo kwenu Pugu.

#11 Mzee wa Pugu

Marahaba. Tarehe unazo. Hoja yangu inabaki: watoto walikuwa wanakaza.

Tena mjue nyingi ya hizo shule za misheni ndizo shule za serikali za leo. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizichukua, Pugu ilikuwa ya Wakatoliki, Minaki ya Waanglikana. Seminari ziliachwa. Hivi vishule vidogo vya Kiingereza vya makanisa ni vya juzi tu, vilichipua baada ya sera ya elimu ya 1995. Msivilinganishe na misheni ya zamani yenye mashamba na mabweni.

#12 chaurembo_77

Mzee kila uzi lazima atupitishe Pugu. Hata ule wa bei ya vitunguu alipita huko.

#13 Mvoi Asilia

Mwenzenu kutoka Kenya. Huku kwetu mpaka kati ya hizo shule mbili hauko wazi hivyo. Shule nyingi za umma zina kanisa lililo mfadhili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inalitambua jukumu lake. Mtoto anaweza kuwa shule ya serikali na bado kuna misa na kasisi anakuja. Kwa hivyo mwanangu alipotoka shule ya umma akaingia akademia ndogo ya kanisa, ibada hazikumsumbua.

Kilichomsumbua ni diski. Ukipatikana ukiongea Kiswahili ama lugha ya nyumbani unavalishwa kijibao shingoni, unakaa nacho mpaka umpate mwenzako naye akiongea umpokeze. Mtoto mgeni ndiye huwa nacho siku nzima. Alikuwa anarudi nyumbani bila sauti kwa sababu amezoea kufunga mdomo ndio asipewe diski. Mama K, uliza kama hiyo shule ina kitu kama hicho. Na uulize watoto, usiulize ofisi.

#14 Kipanga wa Dodoma

Si nilisema lugha? Mvoi karibu sana, umeniletea shahidi.

#15 Frateri Mstaafu

Shahidi wako anaongelea adhabu, Kipanga, siyo lugha.

#16 Tulivu wa Iringa

Na adhabu ndipo nilipotaka kufika. Wote mnaona shule ya upole ni rahisi kwa mtoto. Kwa mdogo wangu ilikuwa kinyume, na nililishuhudia kwa macho yangu.

Kayumba alikuwa akikosa anachapwa viwili, analia kidogo, mapumziko anacheza. Kosa limelipwa. Shule ya kanisa alipoivunja chupa ya rangi ya mwenzake, hawakumchapa. Mwalimu alimketisha ofisini, akamuuliza kwa sauti ya chini alijisikiaje, akamwambia Yesu anamsamehe, wakaomba pamoja, halafu ikaandikwa kwenye daftari la mawasiliano mama asaini. Dogo alitoka pale kakonda. Aliniambia, "Kaka, bora wangenichapa." Hakujua lini kosa limekwisha. Kila mwalimu akimtabasamulia anadhani ndiyo bado linaendelea.

Sisemi wachape. Nasema mtoto aliyezoea deni linalolipwa kwa fimbo hajui namna ya kulipa deni ambalo hakuna anayelidai.

#17 mjukuu_wa_hakimu

Tulivu, simulizi nzuri. Ila wanajukwaa msiondoke na picha kwamba kayumba kila mwalimu anachapa anavyotaka kisheria. Kanuni zipo, za mwaka 2002: anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, virekodiwe kwenye kitabu. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda kama hayupo shuleni. Kinachofanyika ni habari nyingine.

#18 Mwalimu Chaki

Ni kweli kabisa, na kitabu chenyewe kwenye shule nyingi kinaandikwa siku ya ukaguzi.

Tulivu, umenifikirisha. Nina mtoto darasani sasa hivi, kila nikimwita mezani kumwonyesha kosa la hesabu ananyoosha kiganja. Bila mimi kusema lolote. Nimeshamwambia huku hatuchapi, anaitikia, kesho yake kiganja kinatoka tena.

#19 dada_wa_uswazi

Mwalimu, hiyo ya kiganja imenitoa machozi.

#20 MamaK wa Kihonda

Jamani nimesoma kila bandiko, mengine mara mbili. Asanteni. Nimefanya alichosema Mvoi, sikwenda ofisini. Nilikaa na binti jikoni tunachambua mchicha, nikamuuliza mambo moja moja bila kumkazia macho.

Diski hakuna. Kiingereza anasema kigumu lakini "wananisaidia". Kisha akatoa kitu ambacho sikukitegemea. Jumatatu asubuhi kwenye ibada ya darasa kila mtoto anataja jambo analotaka wenzake wamuombee. Wengine wanasema bibi anaumwa, mbwa wetu amepotea. Yeye zamu yake ilipofika, wiki za mwanzo kabisa, akasema anaomba baba yake apate ada ya mhula wa pili. Kwa Kiswahili, na kwa moyo wote, kwa sababu alitusikia usiku tunaongea. Darasa lote wakamuombea. Mwalimu akaomba kwa uchungu kweli.

Sasa kuna mwenzake kila mara anamuuliza, "Baba yako ameshapata?" Binti anasema yule mtoto haulizi kwa ubaya. Lakini tangu hapo hasemi chochote Jumatatu, na nadhani ndiyo maana hasemi siku nyingine pia. Baba yake sijamwambia.

#21 BabaRahma wa Temeke

Pole sana mama. Nakushauri umwambie, ila kwa utaratibu. Na umwambie mwalimu, kwa sababu yeye alidhani kafanya jema, na kwa namna fulani kafanya.

#22 Kiboko ya Ada

Basi jibu limepatikana: pesa. Mtoto anajiona maskini kati ya wenye nazo. Kayumba hakuna ada, wote mnakula makande yaleyale, ukiwa na mia mbili ya ubuyu wewe tajiri. Huku anaona magari yanashusha wenzake.

Na mimi nauliza, hizi shule za makanisa kwa nini ziwe na ada kubwa wakati tangu 1992 zina mkataba na serikali wa kupewa ruzuku?

#23 nyuki_wa_unyanyembe

Kiboko, ile ni hati ya makubaliano kati ya serikali na TEC (Baraza la Maaskofu Katoliki) pamoja na CCT (Jumuiya ya Kikristo Tanzania), inahusu huduma za jamii za afya na elimu. Ruzuku unayoiona kwa macho ipo zaidi kwenye hospitali teule za wilaya, serikali inalipa watumishi pale. Shule ya msingi ya Kiingereza ya kanisa inaishi kwa ada ya mzazi. Tena kanisa lenyewe huenda halimo kabisa kwenye hayo mabaraza mawili.

#24 Frateri Mstaafu

Sikubaliani kwamba ni pesa. Mtoto huyo huyo angeisema shida ya ada kwa rafiki yake wa rede kule kayumba na isingemuumiza. Kilichomuumiza ni kwamba aliisema kwa Mungu, ikabaki mikononi mwa watoto kumi na watatu ambao anakutana nao kila siku. Hakuna wa kusahau, wachache mno.

#25 Tulivu wa Iringa

Na pia ni maombi yenyewe, Frateri. Kama aliomba ada mbele ya watu na wiki zinakwenda baba hajasema ameipata, mtoto anafikiria nini kuhusu Mungu? Anafikiria nini kuhusu baba?

#26 Mama Upendo Mbeya

Shalom. Naona mmelishika la pesa, mimi nawarudisha kwa BabaRahma #8. Mwanangu, Mlutheri kama wa Mama K, tulimpeleka shule ya ndugu zetu wa kipentekoste. Kanisani kwetu anajua liturujia, anajua sasa tunasimama, sasa tunakaa. Ijumaa ya kwanza shuleni wakaanza kunena kwa lugha, mwalimu anayempenda anatetemeka na machozi yanamtoka. Mtoto alidhani mwalimu anaumwa, akakimbia nje kuita msaada. Wenzake walimcheka mpaka mhula unakwisha.

Sisemi wao wamekosea, ndivyo wanavyoabudu na wanamaanisha. Lakini hakuna aliyemweleza kabla. Tuliomba mwalimu wake mwenyewe akae naye amsimulie. Akamsimulia vizuri tu, na sasa mtoto anapiga ngoma kwenye pambio kuliko wote.

#27 Mkurya Msabato

Mama Upendo umesema vema. Kwenye shule zetu pia wageni wanapata shida wasizotarajia. Jirani yangu alileta kijana wake toka kayumba, kitu kilichomliza siyo Jumamosi kutokwenda uwanjani, ni chai. Chai ya majani hakuna, anapewa ya mchaichai. Alikuwa anabeba majani ya chai kwenye soksi.

#28 Kipanga wa Dodoma

Kwenye soksi! Huyo kijana atafika mbali.

#29 Bintimfupi

Mimi niseme kama niliyekuwa mtoto mwenyewe. Wote mmeruka jambo ambalo Mama K alilitaja juu kabisa kwa sentensi moja: alirudishwa darasa.

Nilirudishwa hivyo hivyo. Kule nilikuwa wa pili, najua kusoma, naaminika, nashika funguo za stoo. Nikaingia shule ya kanisa nikawekwa na watoto wadogo, nawazidi kichwa kizima, kwenye picha ya darasa nimesimamishwa nyuma na wavulana. Nilikuwa mtu mkubwa kule, na huku nikawa mjinga mrefu. Hakuna ibada wala Kiingereza kilichouma kama kukutana barabarani na wenzangu wa zamani wakaniuliza upo la ngapi. Nilikuwa nadanganya. Halafu Jumatano mstari wa wiki unahusu kusema kweli.

Binti alikuwa kiranja. Huku ni kiranja wa nini?

#30 MamaK wa Kihonda

Bintimfupi, nimekaa kimya muda mrefu baada ya kusoma hili. Huku si kiranja wa chochote. Viongozi walishachaguliwa mwaka jana.

#31 Kiboko ya Ada

Mrudishe kayumba. Kaomba mwenyewe. Wangapi wametoka kayumba wakafika chuo kikuu? Kiingereza atakikuta kidato cha kwanza na wenzake, wote hawajui, hakuna wa kumcheka.

#32 Mwalimu Chaki

Kiboko, ni kweli wanafika, lakini ukae kidato cha kwanza uone wanavyofika. Mtoto aliyekuwa anaongoza la saba anakaa mbele ya kitabu cha baiolojia anafuata mistari kwa kidole. Wanaovuka tunawahesabu, wanaobaki hatuwasikii.

Mama K, mimi nisingemrudisha katikati ya mwaka. Ningeomba shule imkabidhi kitu cha kusimamia, hata maktaba au bustani. Shule ndogo hilo inaweza kulifanya kesho asubuhi, haihitaji kikao.

#33 Kipanga wa Dodoma

Na mtu wa kumsomea Kiingereza kwa sauti jioni. Sijahama kwenye hoja yangu.

#34 Kiboko ya Ada

Mwalimu, wewe unafundisha shule ya kanisa, utasemaje umrudishe?

#35 Mwalimu Chaki

Watoto wangu wawili wamesoma kayumba mpaka la saba, mkuu. Siuzi nafasi hapa.

#36 dada_wa_uswazi

Mama K, usisubiri shule. Alika mmoja wa hao wasichana wanne Jumamosi, mmoja tu.

#37 MamaK wa Kihonda

Mrejesho mfupi. Nilimwalika yule yule anayeuliza habari za ada, kwa makusudi. Alikuja na mama yake. Mwanzo walikaa kwenye kochi wanaangalia katuni hawasemeshani, roho ikaniuma. Baadaye watoto wa jirani wakaja na mpira wa soksi, wakatoka wote. Mgeni hajui kabisa rede, kila raundi anauawa wa kwanza, na binti yangu akawa anampigia kelele "ruka! ruka!" Nilikuwa sijaisikia hiyo sauti tangu mwaka uanze.

Jumatatu kaenda shule vizuri, Jumanne kagoma kuamka. Kwa hiyo sijui. Baba yake nilimwambia. Alinyamaza, kisha akasema ada ya mhula huu ataenda kuilipa yeye mwenyewe akiwa na binti, mtoto aione risiti. Mimi sina hakika kama ni jambo la kumwonyesha mtoto.

#38 BabaRahma wa Temeke

Aione. Aliliomba mwenyewe.

#39 Tulivu wa Iringa

Asiione! Utamfundisha kila akikaa kimya ahesabu pesa ya baba yake.

#40 Bintimfupi

Mimi ningetaka kuiona.

#41 mjukuu_wa_hakimu

Mkiendelea kubishana risiti, naomba niulize jambo la karatasi. Mama K, binti alishafanya upimaji wa darasa la nne akiwa kayumba, na huku anarudia la nne. Uhamisho wake umefanyika kwenye PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, au mlipewa barua tu? Kama namba yake bado ipo shule ya zamani, usajili wa upimaji ukifika mtahangaika. Na shuleni waulize wamemwingiza darasa gani kwenye mfumo.

#42 MamaK wa Kihonda

Tulipewa barua yenye muhuri, tukaipeleka. Hiyo namba nilikuwa siijui. Nani anayehusika, kule alikotoka au huku?

#43 Mwalimu Chaki

Anza kule, mwalimu mkuu ndiye anayeanzisha kwenye mfumo, huku wanapokea. Nenda kabla hawajafunga mhula, na ubebe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Majina yakitofautiana hata herufi moja, litengenezwe sasa hivi.